Shajara kama chumba cha kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa anayetaka shajara imzalie kitu: hadithi, shairi, wimbo, insha, mchoro, hata mchezo wa kuigiza. Anayehitaji tu kukumbuka miadi atatosheka na kalenda. Hapa tunazungumzia daftari unalolifungua kila siku ili ujifunze kuona, na unalolirudia baadaye ili uchote.

## Shajara ya mbunifu ina tofauti gani na shajara ya kawaida?

Tofauti iko katika kile unachokiweka ndani. Mara nyingi shajara ya kawaida huhifadhi hukumu: siku ilikuwa nzuri, mkutano ulichosha, mgeni alikera. Mbunifu anahitaji yale yaliyomfanya atoe hukumu hiyo, kwa sababu hukumu hupoa upesi. Ukiisoma baada ya miezi sita, “mkutano ulichosha” haitakurudishia kitu chochote, hata sura ya chumba.

Linganisha. Andiko la kwanza: “Leo mkutano ulichosha sana, nimerudi hoi.” Andiko la pili: “Mkutano. Aliyeongoza alikuwa akifunua na kufunika kalamu yake. Kila akitaja fedha, anaifunika. Feni ilipeperusha karatasi ya jirani yangu, akaigandamiza kwa simu. Hakuna aliyeuliza swali. Tulipofika mlangoni watu watatu wakaanza kusema kwa pamoja.”

Andiko la pili lina maneno yasiyofika arobaini na halitaji uchovu hata mara moja, lakini uchovu umo. Tena limebeba mbegu ya hadithi: kwa nini anafunika kalamu kila akitaja fedha? Swali hilo lingepotea kabisa katika andiko la kwanza.

## Siku zangu zote zinafanana. Niandike nini?

Hili ndilo swali tunalolipokea kuliko mengine yote, na jibu lake ni la mbinu. Siku hufanana ukizitazama kwa jumla. Ukishuka kwenye kitu kimoja kimoja, kufanana kunakwisha.

Anza na mistari mitano. Mmoja kwa kitu ulichokiona, mmoja kwa sentensi uliyoisikia mtu akisema, mmoja kwa kitu ambacho mwili ulikihisi (harufu, ladha, joto, mguso), mmoja kwa jambo dogo lililobadilika tangu jana, na wa mwisho kwa swali lililobaki bila jibu. Usiunganishe mistari hiyo kwa “kisha” na “halafu”. Iache isimame mmoja mmoja. Baada ya wiki mbili utaona kwamba mstari mmoja kati ya hiyo mitano hukujia kwa urahisi kuliko mingine, na mmoja hukupa taabu kila siku. Wengi hupata taabu kwenye mstari wa mwili, maana tumezoea kuandika kwa macho tu. Huo unaokupa taabu ndio wa kuushikilia.

Mbinu ya pili ni kuchagua kitu kimoja na kukiandika siku 14 mfululizo: dirisha fulani, kiti, mti, kikombe, mikono ya mtu unayekaa naye. Siku tatu za kwanza utaeleza rangi na umbo. Siku ya nne au ya tano utahisi umemaliza, hakuna jipya. Usiache hapo. Kuanzia siku hiyo unalazimika kutafuta vitu ambavyo jicho huvipita: mkwaruzo upande wa chini, namna mwanga unavyokihamisha kivuli chake, sauti yake kinapowekwa mezani. Uchoshi huo wa siku ya tano una kazi yake, na anayeuvuka hutoka na jicho lingine.

Wala usidharau mambo madogo siku ya mambo makubwa. Tarehe 2 Agosti 1914, mwandishi Franz Kafka aliandika katika shajara yake kwamba Ujerumani imeitangazia Urusi vita, na papo hapo akaongeza kuwa alasiri alikwenda kuogelea. Ukiondoa kuogelea, inabaki habari ambayo kila gazeti lilikuwa nayo.

## Kwa siku niandike kiasi gani?

Dakika 10, ukurasa mmoja wa A5. Ukurasa wa namna hiyo wenye mistari hubeba takribani maneno 130 hadi 170 ya Kiswahili kwa mwandiko wa kawaida, na mkono usiokimbia huujaza ndani ya dakika 10 hadi 12. Daftari la kurasa 192 kwa mwendo huo litakuchukua miezi sita na siku kadhaa.

Tunashauri uwe na kiwango cha chini na kiwango cha juu. Cha chini kiwe kidogo kiasi kwamba hata ukiwa mgonjwa unakiweza: mistari miwili. Cha juu kiwe kurasa tatu. Watu huelewa cha chini upesi na kubisha cha juu, lakini kina sababu. Anayeandika kurasa nane Jumatatu kwa msisimko, Jumanne hukaa mbele ya daftari akijua anachodaiwa, Jumatano hulikwepa, na kufikia Ijumaa limo chini ya vitabu vingine. Ukiacha ukiwa bado na la kusema, kesho una pa kuanzia.

## Asubuhi au usiku?

Asubuhi huleta ndoto, mawazo yasiyopangika na lugha iliyolegea. Inawafaa washairi na wachoraji. Usiku huleta matukio na mazungumzo. Unawafaa wa hadithi na tamthilia. Ubaya wa usiku ni usingizi: ukiandika kitandani, sentensi zitaanza kuwa za muhtasari. Andika ukiwa umekaa kitini, kabla ya kuoga au kabla ya kula, si baada ya kila kitu.

Kinachosaidia kuliko saa yenyewe ni kuifunga shajara kwenye jambo ambalo tayari hulikosi. Ukisema “saa tatu usiku”, saa tatu itapita bila kujitambulisha. Ukisema “nikishafunga mlango wa mbele”, mlango wenyewe utakukumbusha.

## Ninunue daftari gani?

Daftari zuri mno lina hatari yake. Mtu hulifungua, akaona karatasi laini na jalada la ngozi, akaogopa kuliharibu kwa sentensi mbaya. Shajara inahitaji sentensi mbaya nyingi. Ukijikuta unaandika rasimu kwenye karatasi nyingine kwanza ndipo unakili, daftari limekushinda, badili.

Kwa ukubwa, A5 (milimita 148 kwa 210) ndiyo wastani unaofaa wengi: inaingia mkobani na bado mkono una nafasi. A6 inabebeka mfukoni lakini sentensi hukatika mapema, na bila kujua utaanza kuandika vipande vifupi vifupi. Hilo si baya kwa mshairi. Anayechora pamoja na kuandika atafute B5 au A4 isiyo na mistari.

Angalia uti wa daftari kabla ya kulinunua. Lililoshonwa kwa uzi hulala wazi mezani na halimwagi kurasa. Lililogundishwa kwa gundi pekee hugoma kufunguka, nawe utabana upande wa ndani wa kila mstari. Baada ya miezi kadhaa ya kulikandamiza, kurasa za katikati huanza kuchomoka. La waya halina tabu ya kufunguka, ila waya hupinda na kuchana matundu.

Karatasi ya gramu 70 au 80 kwa mita ya mraba inatosha kwa bolpeni na penseli. Ukitumia kalamu ya wino wa maji, tafuta gramu 90 hadi 100, la sivyo maandishi yatajitokeza upande wa pili na utalazimika kuruka kurasa.

## Na kalamu?

Yoyote isiyokuchosha mkono. Kama unataka maandishi yadumu, wino wa pigmenti (wenye chembe za rangi zisizoyeyuka) huvumilia maji na mwanga kuliko wino wa rangi iliyoyeyushwa, ambao tone moja la chai huutawanya. Penseli haipauki kwa mwanga, lakini husuguana ukurasa kwa ukurasa na kuacha ukungu wa kijivu.

## Ukurasa niupange vipi ili baadaye nipate ninachokitafuta?

Fanya mambo manne siku unapolifungua daftari, kabla ya neno la kwanza. Lipe namba kwenye uti. Acha kurasa tatu za mwanzo tupu kwa ajili ya orodha ya yaliyomo. Andika namba za kurasa zote, kazi ya dakika kumi na tano. Kisha chora mstari wa pambizo, sentimita 3 hadi 4 kutoka ukingo wa nje, na usiandike humo siku ya kuandika. Pambizo hiyo ni ya siku ya kurudi.

Kila andiko liwe na tarehe kamili pamoja na mwaka, mahali, na saa kwa kukadiria. Wengi huacha mwaka kwa kuwa “unajulikana”. Ukiwa na madaftari saba kabatini hautajulikana tena. Ongeza hali ya hewa kwa maneno matatu; ni ufunguo wa ajabu wa kumbukumbu, na ukiandika hadithi baadaye utashukuru kujua kwamba siku ile upepo ulitoka upande gani.

Mwisho wa kila mwezi, tumia nusu saa kujaza yaliyomo: namba ya ukurasa na maneno mawili au matatu tu. “47: kalamu, fedha.” Usieleze zaidi ya hapo.

## Nimekaa mbele ya ukurasa na hakuna kinachokuja.

Usisubiri. Weka saa dakika tano na uandike bila kunyanyua mkono, hata kama ni “sina la kuandika” mara sita. Kwa kawaida mkono huchoka kurudia kabla ya dakika ya tatu na hutafuta kitu kingine. Kama hilo limeshindikana, jaribu mojawapo ya haya: orodha ya vitu vyote vilivyo juu ya meza kwa mpangilio wa kushoto kwenda kulia; barua kwa mtu ambaye hutamtumia; siku ya leo ikisimuliwa na mtu aliyekuona barabarani kwa nusu dakika; jambo la jana likiandikwa upya kwa nafsi ya tatu, “yeye” badala ya “mimi”.

Hilo la mwisho lina nguvu kupita linavyoonekana. Ukijiita “yeye”, unalazimika kueleza kwa nini “yeye” alinyamaza, na mara nyingi ndipo unapogundua kwamba hukuwa unajua.

## Nayahifadhije maneno ya watu?

Mapema. Mazungumzo ndiyo kitu kinachoharibika upesi kuliko vyote kichwani; kesho yake utakumbuka maana lakini utakuwa umeshayaandika kwa lugha yako mwenyewe, na watu wote watasema kama wewe. Beba kipande cha karatasi au simu, na ndani ya saa moja andika maneno muhimu mawili au matatu tu kama yalivyotamkwa. Jioni utayajengea mengine.

Sikiliza makosa: neno alilolirudia, sentensi aliyoianza akaiacha, jina alilolikwepa kwa kusema “yule”. Mtu akisema “mimi sina neno, sina neno kabisa, ila tu kile kikapu kingerudi”, usimsafishie. “Sina neno” mbili na kikapu kimoja vinatosha kumweka mtu jukwaani.

## Nimeacha kwa wiki tatu. Nijaze siku zilizopita?

Hapana. Kujaza nyuma ndiko kunakoua shajara nyingi zaidi ya uvivu wenyewe. Deni la siku 21 huogopesha, na ukijilazimisha kulilipa utapata siku 21 za muhtasari usio na harufu wala sauti. Andika tarehe ya leo. Ukitaka, acha mstari mmoja: “Pengo, tarehe fulani hadi fulani,” na vitu vitatu unavyovikumbuka bila jitihada. Vilivyobaki vyenyewe baada ya wiki tatu ndivyo vyenye uzito.

## Nikisoma nyuma naona malalamiko tu. Nifanye nini?

Hutokea kwa sababu ya wakati unaochagua kuandika. Kama unafungua daftari siku unapoumia tu, daftari litafanana na maumivu. Rudi kwenye ratiba, uandike pia siku ambayo hakuna kilichotokea.

Kisha tazama malalamiko yenyewe. Lalamiko linalorudiwa kwa maneno yaleyale mara tano halina kazi tena. Mara ya sita, lizuie lisiandikwe mpaka uongeze kitu ambacho hakijawahi kuandikwa: mtu huyo alikuwa amevaa nini, alishika nini, wewe ulijibu nini hasa na kwa sauti gani. Ama lalamiko linageuka tukio, na tukio lina matumizi, au unagundua limekwisha.

## Kuna ushahidi kwamba kuandika kunaupunguzia moyo mzigo?

Upo, wenye mipaka yake. Mwaka 1986 wanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio ambamo wanafunzi wa chuo kikuu waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, baadhi yao kuhusu tukio lililowaumiza. Mara baada ya kuandika, walioandika tukio pamoja na hisia zake walijisikia vibaya zaidi kuliko kabla. Nafuu iliyoonekana ilikuja katika miezi iliyofuata, walipokwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Tafiti nyingi zimefuata, na matokeo yake yanatofautiana.

Kwa mwandishi, la kuchukua hapa ni hili: ukimaliza ukurasa mzito na kujisikia vibaya, hujakosea. Acha nafasi ya dakika chache baadaye, tembea, osha vyombo. Ukiona kila ukiandika juu ya jambo fulani unazama na hutoki kwa siku kadhaa, lifunge jambo hilo na utafute mtu wa kuzungumza naye ana kwa ana. Daftari halijibu.

## Nitatoaje kazi kutoka kwenye shajara?

Hapa ndipo watu wengi wanapoishia bila kuanza. Wanaandika kwa miaka na hawarudi kusoma. Kuandika ni nusu ya kazi.

Subiri siku 30 angalau kabla ya kurudia andiko lolote. Kabla ya hapo bado utasoma kilichomo kichwani badala ya kilichomo ukurasani. Chukua kalamu ya rangi nyingine, soma kurasa 20 hadi 30 kwa kikao kimoja, na usirekebishe hata herufi. Tumia ile pambizo. Weka duara mbele ya sentensi inayosimama yenyewe hata ukiondoa kila kitu kinachoizunguka. Weka alama ya kuuliza mbele ya jambo linalokuvuta bila kujua sababu. Weka mstari wa wima mbele ya kitu kinachojirudia: mlango, maji, ndugu fulani, neno fulani. Kutoka kurasa 30 tegemea vitu vitano hadi vinane. Ukipata ishirini, umekuwa mpole mno.

Nakili vitu hivyo kwenye karatasi ndogo, kila kimoja karatasi yake, na uandike kilikotoka: 3/47 ni daftari la tatu, ukurasa wa 47. Zitandaze mezani. Chukua mbili zilizoandikwa mbali mbali na uziweke pamoja. Aliyefunika kalamu akitaja fedha, na kikapu ambacho hakikurudi: je, ni mtu mmoja? Wanajuana? Ukiona swali linazaa swali, anza rasimu, na uiandike bila kulifungua daftari. Daftari likiwa wazi utanakili. Likiwa limefungwa, utabuni palipopungua, na baadaye utarudi kuhakiki vitu vidogo.

Kwa shairi njia ni fupi zaidi. Tuseme umeandika: “Usiku. Bomba la jikoni linadondosha. Matone manne, kimya, matone manne.” Yasome kwa sauti na uhesabu mizani. “Bomba ladondosha maji” ni nane. “Matone manne, kimya” ni nane. Mshororo tayari upo, na umepatikana kwa sababu mtu alihesabu matone badala ya kuandika kwamba hakupata usingizi.

Mfano unaojulikana ni wa Dorothy Wordsworth. Tarehe 15 Aprili 1802 alitembea na kaka yake, mshairi William Wordsworth, kando ya ziwa Ullswater, Uingereza, wakakuta ukanda mrefu wa maua ya manjano, dafodili. Katika shajara yake alisema hajawahi kuona yaliyopendeza hivyo, lakini hakuishia hapo: aliandika kwamba mengine yalilaza vichwa juu ya mawe kama juu ya mto wa kulalia, kwa kuchoka, na mengine yalirukaruka na kucheza kana kwamba yanacheka na upepo. Karibu miaka miwili baadaye William alitunga shairi lake juu ya maua hayo, likachapishwa mwaka 1807. Kucheza kwa maua kumo ndani yake. Ukurasa wa dada ulikuwa umekaa na kusubiri.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kuchapa andiko zima na kuliita hadithi. Shajara huruka kila ambacho mwandishi tayari anakijua: “yeye” ni nani, nyumba ina vyumba vingapi, kwa nini neno lile liliuma. Msomaji hana hata kimoja. Pia shajara hufuata saa, na hadithi ina mpangilio wake. Mara nyingi sentensi ya mwisho ya andiko ndiyo ya kwanza ya hadithi.

## Naruhusiwa kubuni ndani ya shajara?

Ndiyo, mradi uweke alama. Herufi B ukingoni inatosha. Usipoweka, baada ya miaka mitatu hutajua lipi lilitokea, na utapoteza thamani ya pande zote mbili. Kwenye kazi yenyewe uko huru kabisa: shairi la William Wordsworth lina msemaji anayezurura peke yake, ingawa siku ile walikuwa wawili.

## Na kurekebisha shajara ya zamani?

Usiguse asili. Andika upya pembeni. Anne Frank, msichana Myahudi aliyejificha Uholanzi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alianza shajara yake mwezi Juni 1942. Machi 1944 akasikia redioni waziri wa serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni akiwahimiza watu watunze shajara na barua za wakati wa vita, na Mei mwaka huo akaanza kuiandika upya kwenye karatasi zisizofungwa: akakata, akaunganisha, akabadili majina. Madaftari ya kwanza yakabaki madaftari. Fanya hivyo hivyo: karatasi mpya, tarehe mpya, na kumbukumbu ya ukurasa wa asili.

## Naogopa mtu atasoma.

Hofu hii huingia moja kwa moja kwenye sentensi. Anayehofia kusomwa huanza kujitetea, na kujitetea husomeka vibaya. Kwa hiyo ishughulikie kabla ya kuandika. Zungumza na unaoishi nao, mara moja na waziwazi: hili si la kusomwa. Weka daftari mahali pasipo njia ya watu. Kwa mambo machache sana, tumia karatasi iliyo nje ya daftari, ambayo unaweza kuiondoa.

Kuhusu maandishi ya siri: Samuel Pepys, Mwingereza, aliandika shajara yake, kuanzia 1 Januari 1660 hadi 31 Mei 1669, kwa hati mkato, yaani alama fupi badala ya herufi za kawaida. Haikusomwa na watu mpaka karne ya 19, ambapo John Smith alitumia miaka kama mitatu kuifasiri, bila kujua kwamba kitabu cha kuielezea hati hiyo kilikuwa kwenye maktaba ileile ya Pepys. Siri yake ilifanya kazi, lakini Pepys aliijua hati kama anavyojua jina lake. Ukibuni alfabeti yako wiki hii, mwakani itakupiga chenga wewe mwenyewe. Herufi za kwanza za majina zinatosha.

## Naweza kutumia simu au kompyuta?

Unaweza, na kwa mazungumzo ya haraka simu inashinda. Tatizo lake ni kitufe cha kufuta: watu husafisha sentensi kabla haijamalizika, na yale makosa yenye uhai hupotea. Jiwekee sharti la kutofuta siku hiyo.

Andika kwenye faili la matini tupu (maandishi pekee, bila mapambo) badala ya programu ambayo ikifungwa inaondoka na maandishi yako. Lipe kila faili jina linaloanza na mwaka, mwezi, siku, kama 2025-03-14, na yatajipanga yenyewe. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Ukifunga kwa nenosiri, liandike mahali salama; shajara iliyosimbwa ambayo nenosiri lake limesahaulika ni sawa na iliyoungua.

## Nitawatumiaje watu wa kweli bila kuwadhuru?

Andika yote daftarini, kwa uaminifu. Unapotoa kazi, kubadili jina hakutoshi, kwa kuwa watu hutambulika kwa kitu kimoja cha pekee. Badili umri, kazi na uhusiano wake na wewe kwa pamoja, kisha jiulize kama yeye mwenyewe akisoma angejitambua. Kama jibu ni ndiyo na jambo lina uzito, muombe ridhaa au liache likomae zaidi. Siri ya ugonjwa au ya mtoto wa mtu si mali ya mwandishi.

## Madaftari yaliyojaa niyatunze vipi?

Yasimamishe kabatini kama vitabu, mbali na ukuta wenye unyevunyevu na jua la moja kwa moja; sakafu ni mahali pabaya kwa sababu maji huanzia huko. Ondoa vibanio vya chuma, vinashika kutu na kutoboa. Usibandike kwa utepe wa plastiki unaonata: gundi yake hugeuka kahawia na kuingia kwenye karatasi. Stakabadhi na tiketi zilizochapwa kwa joto hupauka hadi kuwa nyeupe, kwa hiyo nakili kwa mkono kilichomo siku ileile unapozibandika.

Daftari likilowa, usilipige pasi wala kuliweka juani. Lisimamishe likiwa limefunguka kidogo, weka karatasi za kunyonya kila baada ya kurasa kumi hivi, uzibadilishe zikilowa, na upulize upepo wa feni kwa mbali. Usijaribu kutenganisha kurasa zilizogandana zikiwa bado mbichi. Zitachanika pale penye maandishi.